Kabla ya stepu, mtoto ausikie mwili wake

Mimi nafunza dansi huku Tononoka, Mombasa, na hili nitalisema hata kama walimu wenzangu watanuna. Twakimbilia stepu mno. Mtoto ndo kwanza aingia, hajui hata uzito wake umekaa mguu gani, tushamsimamisha mbele ya kioo, moja mbili tatu nne, anabaki kuiga tu. Nami nilifunzwa hivohivo, mwalimu akipiga kelele goti nje goti nje, nami nalipinda goti lenyewe maanake hakuna aliyenambia mguu wafunguka kutoka kwa nyonga. Hilo goti laniuma mpaka leo nikipanda ngazi.

Sasa darasa langu laanzia chini. Natundika leso mbili juu ya kioo, watoto walala chali kwenye mkeka, macho wafumba, nauliza: kisigino kipi kizito? Mgongo wagusa mkeka wapi, wapi umeinuka? Halafu wazungusha nyonga polepole, kidogo sana, aliyesimama mlangoni haoni kitu.

Wazazi wengine wanauliza, ati nimelipa mtoto aje kulala? Lakini fikiria, ukibeba gunia la mchele mtu akikuongezea embe moja juu hutajua, ukiwa umeshika kikuba cha asumini utajua papo hapo, na mwili ni vivyo hivyo, ukikaza nguvu hausikii tofauti ndogo. Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mtu wa judo, aliumia goti akaanza kujichunguza anavotembea, na njia yake ikajengwa juu ya jambo hilo. Thomas Hanna wa Marekani ndiye aliyezipa mbinu kama hizi jina la somatiki, yaani kuusikia mwili kutoka ndani, miaka ya 70.

Na wala si mambo ya kigeni, nani hapa alifunzwa chakacha, ngoma yetu ya pwani ya kuzungusha kiuno, kwa kioo? Bibi yangu alinifunga leso nyongani, akaniwekea kiganja chini ya mgongo, akanambia, "Tuliza mabega, mwanangu, sikiza hapa." Ngoma yenyewe alikuwa akiipiga kwa mdomo.

Juzi kuna binti wangu mmoja wa miaka 12, tangu aje kiuno kigumu kama ubao, akikizungusha na mabega yanafuata. Baada ya mkeka dakika 20 hivi alisimama, nikaweka chakacha kwa simu, kiuno kikaenda mabega yametulia tuli, akanigeukia macho yamemtoka, "Ticha, kumbe kinaweza kwenda peke yake!"

Siku hiyo leso sikuzitoa kwenye kioo mpaka watoto wote wakaenda kwao.