Mwenye deni na fungu la kumi

Mwenye deni atoe fungu la kumi kwanza, au alipe deni kwanza? Kati ya tarehe 28 na tarehe 5 ndipo swali hili huwaka Nairobi. Mshahara umeingia. Mwenye nyumba anataka kodi kabla ya tarehe 5, daftari la mama mboga limejaa, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inasubiri, na Jumapili ya kwanza ya mwezi mhubiri anafungua Malaki 3: "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" Muumini wa kiti cha nyuma ameshapiga hesabu yake. Akitoa fungu la kumi kamili, kuna mtu hatalipwa. Akimlipa mtu huyo, atatoka ibadani akijihesabu mwizi.

Wanaosema zaka kwanza hawakosi hoja, na iliyo nzito kuliko zote haina habari na laana ya Malaki. Wanasema hivi: mjini hapa hakuna asiye na deni. Likiisha la Sacco, chama cha akiba na mikopo, linakuja la karo, likiisha la karo linakuja la hospitali. Anayesubiri madeni yaishe ndipo atoe atazikwa hajatoa. Tena anayetoa mwishoni hutoa makombo, na Mithali 3:9 inataka malimbuko. Kanisa nalo lina bili. Kodi ya ukumbi, umeme, posho ya mchungaji na kodi ya spika haviwezi kungoja muumini amalize mkopo wa miaka mitano. Na wako waumini ambao deni lao ni televisheni ya inchi 55. Mchungaji akisikia "nina deni" mara kumi kwa wiki, si ajabu akaacha kuuliza ni deni gani.

Mfano wao mkuu ni mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo chupani, na Eliya anamwambia amtengenezee yeye mkate kwanza. Akatii, na unga haukuisha. Mahubiri haya yana nguvu, na kweli yapo watu ambao imani yao ilisimama siku walipotoa wakiwa hawana.

Ila kuna mjane wa pili, naye huhubiriwa nusu. Yuko 2 Wafalme 4. Mumewe, mmoja wa wana wa manabii, amekufa akiwa na deni, na aliyekuwa akimdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamwagiza aazime vyombo kwa majirani, amimine mafuta, vyombo vijae. Hapo wengi hufungia, kwenye muujiza. Agizo la nabii lenyewe liko aya ya 7: uza mafuta, lipa deni, kinachobaki kuleni wewe na watoto wako. Mafuta yametoka kwa Mungu moja kwa moja, nabii amesimama pale pale, wala haombi hata kikombe kimoja. Wa kwanza kulipwa ni anayemdai.

Wajane hawa hawapingani. Unga wa Sarepta ulikuwa mali ya mjane. Angeweza kuula au kuutoa. Pesa iliyo kwenye simu ya mtu anayedaiwa haiko hivyo, kwa kuwa sehemu yake ina mwenyewe tayari, ila haijafika kwake. Daudi alilijua hili alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna Myebusi. Arauna alimpa uwanja na ng'ombe bure. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, ndipo akatoa sadaka. Hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Sukuma wiki uliyokula mwezi mzima bila kulipa ilimgharimu mama mboga. Ukitoa sadaka kwa pesa yake, aliyetoa ni yeye, na hakuulizwa.

Tuje kwenye hesabu, maana nyingi za lawama hizi huyeyuka zikiandikwa. Chukua mshahara wa shilingi 50,000 kwa viwango vya 2025. NSSF, mfuko wa pensheni, inachukua asilimia 6, yaani 3,000. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, yaani 1,375. Ada ya nyumba inayokatwa na serikali asilimia 1.5, yaani 750. PAYE, kodi ya mapato, baada ya hizo tatu kuondolewa kwanza na nafuu ya 2,400 kutolewa, ni kama 5,846. Mkononi zinabaki 39,029. Fungu la kumi la mshahara kabla ya makato ni 5,000, la mkononi ni 3,903. Tofauti ni shilingi 1,097, na juu ya tofauti hiyo watu wamenuniana miaka.

Ubishi huo wa jumla au mkononi una majibu ya heshima pande zote. Samweli aliwaonya Waisraeli kwamba mfalme naye atachukua sehemu ya kumi ya mbegu zao, kwa hiyo kodi haijaanza kwetu. Lakini mkulima wa Torati alitoa kumi ya mavuno aliyoyaona kwa macho. SHIF na ada ya nyumba huyaoni, yanakwenda kabla hujaamka. NSSF ni akiba yako: ukiitolea zaka leo, usiitolee tena ukistaafu, usipoitolea leo, ukumbuke siku ile. Hapa dhamiri ya mtu inatosha.

Tatizo liko kwa mwenye mkopo. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, na wengi wamekopa mpaka kwenye mpaka huo. Kwa mshahara wa 50,000 kinachobaki ni 16,667. Mwambie mtu huyu atoe zaka ya jumla, 5,000, nawe umemwomba asilimia 30 ya alicho nacho. Tunaliita fungu la kumi, kumbe kwake ni mafungu matatu ya kumi. Zimebaki 11,667. Tuseme chumba ni 7,000 kwa mwezi. Zimebaki 4,667 za chakula na nauli, siku 30, shilingi 155 kwa siku, na matatu ya kwenda na kurudi Industrial Area huweza kula zaidi ya nusu yake. Tarehe 12 anaanza kukopa. Kwa hiyo zaka ya tarehe 2 imelipwa, kwa hesabu ya kweli, na mkopo wa tarehe 12, pamoja na riba.

Kwa haki ya upande wa pili: mkopo haukuanguka kutoka mbinguni. Huenda alinunulia ploti Kamulu, na ploti ipo. Mshahara wake bado ni 50,000. Aliula mapema tu. Hoja hii ni sahihi kwa aliyekopa kwa kupenda, na mtu wa namna hiyo asijifiche nyuma ya mjane wa Elisha. Haimfai aliyekopa kumtoa mgonjwa hospitali.

Na Fuliza ina ujanja wake ambao makanisa mengi hayajautazama. Inafanya kazi hata kwenye Paybill, nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Muumini ana 1,800 kwenye simu, anaandika 3,900 kwenye nambari ya kanisa, simu inamuuliza kama aongezewe, anakubali kwa sababu wimbo umepanda na kikapu kinapita. Ametoa zaka ya mkopo: ada ya kuanzia ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku mpaka deni liishe, na senti yoyote itakayoingia M-Pesa inakatwa kwanza. Dada akimtumia 500 ya dawa za mama yao, imemezwa. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao (Marko 7:11). Waliofanya hivyo walikusudia. Huyu wetu hata hajui amefanya. Dawa yake ni ndogo: tazama salio na deni la Fuliza kabla ya ibada, na simu ikiuliza kuongezewa, kataa. Na kanisa liseme hivyo mimbarini linapotangaza nambari yake.

Wafanyabiashara wadogo wanaumizwa vingine. Zaka ni ya faida, lakini mara nyingi huhubiriwa kana kwamba ni ya mauzo. Tuseme mtu ananunua mboga za 4,000 katika soko la Marikiti, anauza 4,900, analipa mkokoteni na nauli 300. Faida ni 600 na zaka yake ni 60. Akitoa kumi ya mauzo ametoa 490, zimebaki 110 za kula, na nyumba ikila zaidi ya hapo kesho anarudi sokoni na mtaji wenye shimo. Hurudii hivyo siku kumi kabla kibanda hakijafungwa, na kikifungwa hakuna atakayesema ni hesabu iliyofunga. Litasemwa jicho baya.

Mwenye madeni afanye nini basi? Aache kuahirisha, maana kuahirisha ndiko kunakowapa hoja wale wa zaka kwanza. Aandike anadaiwa na nani na kiasi gani. Walio wadogo na wanaoishi kwa pesa ya siku walipwe kwanza: mama mboga, msichana wa kazi, fundi. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, sembuse mwezi mzima. Kodi ya nyumba ifuate. Benki na Sacco zina utaratibu wao, na wao wanaweza kungoja ratiba. Kisha achague kiwango anachoweza bila kukopa, hata asilimia 2 ya kilicho mkononi, akitoe mwanzoni mwa mwezi, si mwishoni, akipandishe kila deni moja linapofutika. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho.

Mchungaji naye ana kazi yake, ambayo haifanyiki mimbarini. Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Maana yake wako watu kanisani ambao Torati inawahesabu miongoni mwa walaji wa zaka, nasi tunawadai. Kamati ya fedha inayojua majina ya wasiotoa ingeweza, kwa karatasi hiyo hiyo, kujua ni nani wa kutembelewa.

Na mama mboga mwenyewe, anayedai 2,300, mara nyingi yuko ibada ya pili hapo hapo, safu tatu mbele ya mdeni wake. Faida iliyo ndani ya 2,300 zile ikimfikia, zaka yake nayo itatoka. Mhazini atazipokea kwa jina lingine tu.