Laptopu ndogo ya bei chee: mi naanza na kibodi, prosesa baadaye

Juzi ofisini madam mmoja tunayefundisha naye kaniuliza, anataka laptopu ndogo ya kubeba na hela yake haizidi laki nne na nusu, sasa achukue ile mpya ya dukani yenye nailoni yake haijabanduliwa au achukue mtumba uliotoka mashuleni huko Ulaya? Nikamwambia chukua mtumba. Kashangaa sana, maana kwa macho tu ile mpya ni nzuri, nyembamba, ina rangi ya bahari, na ya mtumba ni nene, nyeusi, imezungushiwa mpira pembeni kama tairi ya toroli. Nikaona bora niandike kabisa kwa sababu sio yeye peke yake anayeuliza, na mi zote mbili nimetumia, moja baada ya nyingine, kwa kazi ileile ya mwalimu: maandalio ya masomo, mitihani, matokeo kwenye Excel, barua za wazazi.

Ile mpya niliinunua 2022. Inchi 11, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuhifadhia GB 64, prosesa, yani ubongo wa mashine, ni Celeron, ile ya bei chee. Na niwe mkweli, kuibeba ilikuwa raha. Ukubwa wake kama kaunta buku, inaingia kwenye mkoba wa kawaida pamoja na madaftari, haina feni kwa hiyo ni kimya kabisa, na umeme ukikatika betri inanivusha mpaka jioni. Kupanda nayo bodaboda asubuhi ulikuwa huhisi kama una kitu mgongoni. Kwa hiyo mtu akiniambia laptopu ndogo hazina maana namkatalia, udogo sio tatizo hata kidogo.

Tatizo lilianzia kwenye vidole. Mitihani ina maswali, na swali linaisha na alama ya kuuliza, na alama ya kuuliza inataka ubonyeze shifti, mi huwa natumia ya kulia. Sasa kwenye ile laptopu walipobana nafasi waliichukua shifti ya kulia wakaifanya ndogo kama ukucha halafu wakachomeka mshale wa juu kabla hujaifikia, yani kidole kikienda pale kilipozoea kinakuta mshale, kile kimstari cha kuandikia kinaruka mstari wa juu na alama yangu inatua katikati ya swali lililopita, tena sio alama ya kuuliza, ni mkwaju (/). Karatasi moja ina maswali 40. Nilikuwa naandika, narudi, nafuta, nashuka, naandika tena. Na kufuta kwenyewe nako kulikuwa na shida yake maana kitufe cha kuzimia mashine kilikuwa kwenye kona ya juu, kimeshikana na kile cha kufutia, vinafanana umbo na ukubwa. Kioo kinaingia giza ukiwa katikati ya sentensi. Mtu aliyepanga vile vitufe sijui kama aliwahi kukaa saa mbili akaandika kitu kirefu, naamini hapana.

Ugonjwa wa shifti ni wa zamani kumbe. Hizi laptopu ndogo za bei ya chini zilivuma 2007 Asus walipotoa Eee PC, kioo inchi 7, diski GB 4, uzito haufiki hata kilo moja, na yenyewe mshale wa juu uliwekwa kabla ya shifti ya kulia hivyohivyo. Mwaka huohuo ilianza kutoka kwa wingi XO, ile ya kijani na nyeupe ya mradi wa Mmarekani Nicholas Negroponte wa kumpa kila mtoto laptopu moja, ambayo jirani zetu Rwanda waliisambaza sana kwenye shule za msingi. Prosesa ya XO ilikuwa dhaifu kweli, ila kuna vitu viwili ambavyo mpaka leo navitamani: kibodi yake ilikuwa ya mpira uliozibwa vumbi na maji visipenye, na kioo chake kilisomeka juani. Juani! Ya kwangu mpya nikitoka nayo chini ya mwarobaini wakati wa mapumziko nilikuwa naona uso wangu na matawi, matokeo ya wanafunzi sioni. Na ukikiinamisha kioo kidogo tu nyuma rangi zinapauka, kwa hiyo mkikaa wawili mnasahihisha pamoja mmoja anaona na mwingine anaona kivuli.

Halafu diski. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa na hawajui, kwa sababu muuzaji anasema "GB 64" na kwenye simu GB 64 ni nyingi. Windows peke yake inakula zaidi ya GB 20, weka Office, weka apdeti zinazotaka nafasi ya kujipanua kabla ya kuingia, unabaki na kiasi cha kuhifadhi vitu vya muhula mmoja au miwili. Na hiyo diski ni aina ya eMMC, imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuitoa ukaweka kubwa, na RAM nayo mara nyingi imechomelewa vilevile. Windows 11 kiwango chake cha chini kabisa ni RAM GB 4 na diski GB 64, maana yake mashine unayouziwa leo kama mpya iko mlangoni tayari, ikidaiwa kidogo zaidi imeachwa nje. Na kurudi Windows 10 haisaidii sana maana Microsoft walisitisha apdeti zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwisho wa muhula mi nilikuwa nahamishia mafaili kwenye flashi kila wiki ili tu mashine ipumue, na siku flashi ilipopotea ndani ya daladala matokeo ya mkondo mzima nilianza kuyaingiza upya kutoka kwenye karatasi, usiku, na umeme unakuja na kuondoka.

Mwisho wake ilikufa bawaba, mafundi wanaita hinji. Ilianza kulia tu nikifungua, baadaye kona ya kushoto ikawa inaachia kila nikinyanyua kioo. Fundi akaifungua mbele yangu akanionyesha: skrubu zimekaza kwenye vipande vidogo vya shaba vilivyopachikwa kwenye plastiki, plastiki imepasuka, shaba imechomoka. Bawaba yenyewe nzima kabisa, ngumu kama mpya, ndiyo iliyong'oa plastiki. Aliipaka gundi ikakaa miezi miwili.

Ya mtumba niliyonayo sasa iliundwa kwa ajili ya wanafunzi, na mtu anayeunda kitu cha mwanafunzi anajua kitadondoshwa, kitamwagiwa soda, kitafunguliwa kwa kuvutwa kona moja. Lenovo walitoa ThinkPad 11e mwaka 2014 kwa kazi hiyo, HP na Dell nao wana za kwao, ukiziona utazijua kwa ule mpira wa pembeni. Bawaba yangu imefungwa kwenye chuma. Shifti ni ndefu, kidole kinaifikia bila kutafuta. Kioo hakina ule mng'ao, chini ya mwarobaini angalau nasoma. Na chini ukifungua skrubu unakuta RAM ya kuchomoa na diski ya kuchomoa, nimetoka GB 4 nikaweka 8, nikaweka na SSD (diski ya kasi) ya GB 240, fundi alimaliza kabla sijanywa soda yangu nusu. Ni nzito, hilo nalisema wazi, bega linaijua. Na betri ya mtumba ni bahati yako, yangu ilikuja imechoka nikanunua nyingine.

Ila mtumba nao unataka macho. Zinazotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, utajikuta unaandika "zeze" unapata "yeye". Chromebook za mashuleni, zile laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, ndio uangalie mara mbili: nyingine bado zimesajiliwa kwa shule ilikotoka, ukiiwasha inadai akaunti ya shule hiyo na hata ukiifuta yote inarudi palepale. Na kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya apdeti. Google walitangaza 2023 kwamba wanazipa miaka 10, lakini inahesabiwa tangu modeli yenyewe ilipotoka, siku unayonunua wewe haihusiki, kwa hiyo ya bei rahisi sana inawezekana imebakiza mwaka tu.

Jumamosi tunaenda na madam. Nimemwambia aje na flashi yenye mtihani wake wa mwisho, tuombe kiti dukani, auandike maswali kumi ya mwanzo kwa kasi yake ya kawaida, afungue na kufunga kioo kwa mkono mmoja mara kadhaa, halafu atoke nayo mpaka barazani kwenye jua. Na muuzaji asiyetaka tukae tuandike, duka la pili liko ng'ambo ya barabara.