Mpwa wangu anataka kuwa mtunza ukingo wa ziwa

"Mjomba, nikiisomea hii kazi nitaajiriwa na nani?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo upande wa Igombe, ukingoni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, miguu yetu imezama kwenye tope. Amemaliza kidato cha sita na anataka kurudisha uoto wa kingo za ziwa iwe ndiyo kazi yake ya maisha. Mama yake, dada yangu, anaona anakwenda kupoteza ujana. Mimi naona kila mmoja ana hoja.

Kazi ipo, tena tele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, lakini matuta ya mboga yameshuka hadi majini. Mafunjo yaliyofyekwa hapo ndiyo yaliyokuwa yakichuja tope na mbolea ziletwazo na mvua, na ndiyo yaliyomficha furu, samaki mdogo wa asili, asiliwe na sangara. Yakiondoka, gugumaji linanenepa kwa rutuba hiyo hiyo. Siku ile tulivuta shina moja: mizizi ikaning'inia myeusi kama ndevu, imebeba konokono wadogo. Mbegu zake hulala matopeni zaidi ya miaka 10, ndiyo maana hata mbawakavu, wadudu walao gugu hilo, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walilipunguza bila kulimaliza. Kazi ya namna hii inataka mtu wa kudumu.

Dada yangu anauliza mtu huyo atakula nini. Nami sina jibu jepesi, kwa sababu niliwahi kushiriki mradi mmoja. Tulilipwa posho ya kupanda mafunjo siku tatu, miche ikahesabiwa, picha zikapigwa. Wa kurudi kuitazama hakutengewa hata shilingi. Nilirudi kiangazi kwa nauli yangu nikakuta ng'ombe wameshuka hapo kunywa maji na kukanyaga machipukizi yote. Iliniuma sana. Tena yupo mama mwenye tuta la mchicha: ukimwondoa bila kumpa pengine pa kulima, umejitafutia adui kijijini, na usiku tuta litarudi.

Kwangu mimi, kosa liko kwenye kile tunacholipia. Tunalipia kupanda, ilhali uoto hurudishwa na ulinzi. Mfano uko jirani tu, Shinyanga, ambako mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliegemea ngitili za Wasukuma: eneo hufungwa mifugo isiingie mpaka nyasi na miti vijirudie vyenyewe. Watu walizilinda kwa kuwa malisho ya kiangazi na kuni zilikuwa zao. Mafunjo nayo hukatwa yakachipua tena, ilimradi usiyang'oe mizizi. Kikundi cha mwalo kinaweza kuyavuna kwa zamu, kikauza kwa wasuka mikeka, na mama wa mchicha akawa wa kwanza kwenye zamu. Lakini mikeka peke yake haitamlipa mlinzi. Halmashauri inayomlipa mzoa taka haishindwi kumlipa mtunza ukingo, ikiamua.

Mpaka iamue, nimemshauri kijana aanze na chuo cha uvuvi, Nyegezi, badala ya chuo cha wanyamapori kule Pasiansi. Vizimba vya samaki vinaongezeka hapa Mwanza, na mwenye vizimba anahitaji maji yasiyo na tope wala gugu. Huyo anaweza kuwa mlipaji wake wa kwanza.

Jana dada yangu alinipigia kuuliza ada ni kiasi gani.