Baridi Iliyotangulia: Kilichomwokoa Anna Bågenholm

Kisa cha Anna Bågenholm kinaposimuliwa, sifa zote humiminiwa mwili wake, kana kwamba daktari huyo wa Uswidi aliumbwa tofauti na sisi. Naona sifa hizo zimekosea njia. Kilichomwokoa kwanza ni mpangilio wa matukio, kisha ukaidi wa watu waliokuwa na kila sababu ya kukata tamaa.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1999, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa akiteleza kwa skii karibu na Narvik, kaskazini mwa Norwei, alipoanguka kijitoni na kichwa chake kikaingia chini ya barafu nene. Wenzake wawili walimshika miguu lakini hawakuweza kumvuta. Humo chini alipata mfuko wa hewa, akaendelea kupumua na kuhangaika kwa takriban dakika 40 kabla hajatulia, na hadi anatolewa zilikuwa zimepita dakika 80.

Fumbo zima limo katika zile dakika 40 za mwanzo. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, lakini ukipoa sana mahitaji yake hushuka, na wa Bågenholm ulipoa wakati yeye bado anavuta hewa. Lau hewa ingekatika kwanza na baridi ikaja baadaye, baridi hiyohiyo isingemfaa kitu. Kwa sababu hiyo sipendi kisa hiki kitumike kuwapa matumaini ndugu wa kila aliyezama, maana maji ya Ziwa Victoria au ya pwani yetu hayana baridi ya kumlinda mtu, na anayezama humo hutegemea kutolewa mapema na kupuliziwa pumzi papo hapo.

Alifikishwa kwa helikopta katika hospitali ya chuo kikuu cha Tromsø akiwa na joto la nyuzi 13.7, moyo umesimama, mboni za macho zimetanuka. Daktari Mads Gilbert na wenzake walikataa kumhesabu kuwa amekufa kabla mwili wake haujapashwa joto; wakamwunganisha na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na watumishi zaidi ya 100 wakapokezana kwa saa tisa. Alizinduka akiwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini, na ilimchukua muda mrefu kurejea kazini, safari hii kama daktari wa radiolojia hapohapo Tromsø, huku mikono yake ikiwa bado na athari za mishipa ya fahamu.

Kinachonivutia kuliko yote ni yaliyofuata. Tangu 1985 hospitali hiyo ilikuwa haijamwokoa hata mgonjwa mmoja ambaye moyo wake ulisimama kwa baridi. Kuanzia kwa Bågenholm hadi 2013 ilipokea wagonjwa 24 wa aina hiyo, na 9 kati yao wakaishi.