Mgebuka Wangu wa Batini

Kigoma ni mwisho wa reli, sikatai. Lakini mawimbi ya televisheni nayo yakifika kwangu yamechoka kama abiria wa daraja la tatu, hapo lazima niseme.

Nilinunua antena pale Mwanga. Ndani ya boksi: bomba, vijiti vya alumini kumi na kitu, skrubu pungufu moja (huwa ni moja tu) na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Nikaiunga sebuleni. Ilipokamilika ikawa mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, uliokwisha kuliwa, uti wa mgongo na miiba. Wajapani wawili, Yagi na Uda, ndio walioanza balaa hili mwaka 1926, na nina maneno nao.

Nikapanda batini, nikaifunga kwenye mwanzi. Upande wa vijiti virefu nikauelekeza mnarani, maana kirefu ndicho kinachofika mbali, au siyo?

“Imeshika?”

“Bado, baba!”

“Na sasa?”

“Ilishika! Umepitiliza!”

Nusu saa hivyo, bati linaniunguza nyayo. Fundi mmoja akapita na baiskeli, akasimama, akacheka kwanza. “Mzee, umeiweka kinyumenyume. Kijiti kirefu kinakaa nyuma kurudisha mawimbi, vifupi ndivyo vinavyotangulia. Hapo unatazama Kongo.” Nikageuza, picha ikang’aa. Akachukua elfu tano ya kucheka.

Ikaja mvua ya kwanza. Zamani za analojia, kabla hawajaanza kuizima Dar es Salaam mwisho wa 2012, mvua ilikuletea chenga, lakini mpira unauona, hata kama kila mchezaji ana pacha wake. Dijitali haina huruma. Mshambuliaji kanyanyua mguu, mguu ukabaki hewani. Goli nikalisikia kwa jirani.

Nikachomoa waya nyuma ya king’amuzi. Tone la maji likanidondokea kidoleni. Maji! Yametoka batini, yamesafiri ndani ya waya mpaka sebuleni bila kulipa nauli. Kumbe ule wavu wa nyuzi za shaba unanyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, na mie kule juu kiungo nilikifunga kwa mfuko wa sukari na solotepu ya kujalidia madaftari.

Nikanunua waya mwingine. Sasa kila mtu mtaani akawa mtaalamu wa kuziba. Mmoja akaniambia nipake mawese, maji hayapiti kwenye mafuta. Nikapaka. Asubuhi sisimizi wamepanga foleni kuanzia msingi wa nyumba hadi ncha ya mwanzi, wengine wanarudi wameshiba.

Mwingine akasema tyubu ya baiskeli. Huyu namheshimu. Unaikata utepe mwembamba, unaivuta mpaka ilie, unaanza kuzungusha chini ukipanda juu, kila mzunguko unaulalia uliotangulia kama makuti, maji yanateleza tu. Nikanogewa. Nikaziba na kile kitundu kilicho chini ya kikopo ambamo waya unaungwa. Kumbe kitundu kile kimetobolewa kwa makusudi, cha kutolea maji! Nikawa nimetengeneza kibuyu. Elfu tano nyingine.

Hata hivyo mvua iliyofuata maji yakateremka juu ya waya, yakapita dirishani, yakamwagika kwenye ekstensheni ya umeme. Mama Zawadi akanitazama kwa ule mtazamo wake.

“Baba Zawadi, kamba ya nguo ikilowa, maji hudondokea wapi?”

“Pale ilipolegea.”

“Basi si ulegeze huo waya?”

Nikaulegeza, ukabonyea chini kidogo nje kabla haujapanda kuingia dirishani. Mvua ikanyesha usiku kucha. Maji yakawa yanafika pale kwenye mbonyeo, yanadondoka chini, ndani pakavu. Wiki mbili nikatazama televisheni kama mtu wa mjini.

Jana ni Simba na Yanga. Mbingu nyeupe, wingu hakuna hata la dawa. Dakika ya kumi, picha ikaganda. Nikatoka nje mbio. Kwenye ule mbonyeo wangu zimeanikwa nepi tatu na shuka zito la mama mkwe, linachuruzika maji, na uzito umeuvuta mwanzi hadi mgebuka wangu kule juu umegeuka, unatazama Kongo.