Fundi anahesabiwa, kamba hapewi

Nimekuwa msimamizi wa laini kwenye kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam. Mafundi 32, cherehani zimefuatana: huyu anaunga mabega, yule anatia kola, mwingine anatoboa matundu ya vifungo. Hesabu ya kila saa nilikuwa naiandika ubaoni kwa chaki, mpaka zilipokuja skrini.

Kila bando la vipande likapewa kadi. Fundi akimaliza, anaigusisha kwenye kifaa kilichofungwa pembeni ya cherehani, na namba inapanda palepale: kijani ukifikia lengo, nyekundu ukichelewa. Mwanzoni tulifurahi sote. Mabando yaliyokuwa yakilundikana kwenye kola tuliyaona asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tulishaigawa kazi upya. Hapo teknolojia ilitusaidia, sitakaa niseme vingine.

Shida ilianza namba zilipoanza kusomwa ofisini na watu wasiofika kwenye laini. Dada mmoja wa kola alikuwa mwekundu siku mbili mfululizo. Nilipomfuata alinionyesha mshono: cherehani ilikuwa inaruka. Alikuwa amemwomba makanika tangu jana yake, hajatokea. Ikawa anashona, anafumua, anashona tena, vidole vimejaa nyuzi. Skrini ilihesabu kola zilizokwisha. Kufumua haikukujua. Akapewa onyo la maandishi, na karatasi ile nilimkabidhi mimi. Mpaka leo inaniuma.

Nasema inaniuma kwa sababu mfumo tuliofundishwa, wa kuzalisha bila upotevu, haukuanza hivyo. Umetoka Toyota, Japani, na mzizi wake uko kwenye nguo hasa. Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa Toyota, alitengeneza mitambo ya kufuma inayojisimamisha uzi ukikatika, ili isiendelee kutoa kitambaa kibovu. Baadaye, kwenye magari, Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, na wenzake walilichukua wazo hilo wakalitia mikononi mwa watu: juu ya laini kuna kamba, mfanyakazi akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wake anamjia, na tatizo lisipotatuliwa, laini inasimama. Havuti kwa kuomba ruhusa. Ni sehemu ya kazi yake.

Sisi tulichukua kuhesabu, kamba tukaiacha. Mafunzo ya kaizeni, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua kwa njia ya Kijapani, yapo nchini kwa miaka mingi, na kila mkufunzi niliyemsikia alisema fundi ndiye anayeijua kazi yake kuliko yeyote. Basi namba zianzie kwake. Azione kabla ya bosi, na aweze kuandika kando yake: nilingoja makanika, uzi ulikuwa mbovu, nilikuwa nafumua. Dakika za kungoja ziandikwe kwa kiwanda, zisiandikwe kwa jina lake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazokusanywa. Rekodi ya mikono ya fundi, saa kwa saa, ni taarifa zake pia. Ningependa kuona TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wakiliingiza jambo hili kwenye mikataba ya hali bora, neno kwa neno, badala ya kuliachia hiari ya mwajiri.

Na kamba yenyewe si ghali. Kitufe na taa juu ya cherehani, basi. Vifaa vya kuhesabu kwenye laini yangu, vyote 32, vilifungwa Jumapili moja.