Hongera Zisizo Zangu

Mama mkwe wangu hawezi kuona kitu kinaumwa akanyamaza. Awe mtu, awe kuku, iwe redio, lazima atibu. Sasa mtu wa namna hiyo ukimweka nyumba moja na hosta, mimea ya mapambo ya bustani, tena zenye majani ya rangi mbili, usitegemee amani.

Mara ya kwanza alikuja kwetu majira ya baridi. Hosta hulala wakati huo: majani yote hunyauka na kuoza, chini ya udongo hubaki vichipukizi na mizizi vinavyosubiri joto. Mama alisimama mbele ya vyungu vyangu vilivyojaa udongo mtupu, akatikisa kichwa, akanipa pole. Nikamwambia, "Mama, hazijafa, zimelala." Akaniangalia kwa yale macho anayoangaliwa mfiwa ambaye bado hajakubali.

Mara hii alizikuta zimejaa majani, na bora asingezikuta. Fahari yangu ilikuwa hosta ya aina iitwayo Patriot, majani ya kijani yaliyozungukwa na ukingo mpana mweupe. Mimi niliinunua kwa ajili ya ukingo ule. Mama aliutazama ukingo ule ule akatoa majibu ya uchunguzi.

"Mwanangu, huyu amepungukiwa damu."

"Ndivyo alivyo, Mama. Ni rangi yake."

"Hakuna kiumbe ambaye rangi yake ni kupauka."

Nilijaribu kueleza. Kwamba mmea ule mmoja una seli za aina mbili, tabaka juu ya tabaka, na weupe wa ukingoni ni tabaka lisilo na klorofili, ule ukijani wa kutengenezea chakula. Kwamba hauambukizi wala hauumi. Kwamba sehemu nyeupe haijitengenezei chakula, ile ya kijani ndiyo inayolisha nyumba nzima.

"Umeona," akadakia. "Hata wewe unakubali kuna sehemu haili."

Kesho yake nilirudi kazini jioni nikakuta Patriot imehamishwa. Imetolewa kivulini, imewekwa katikati ya uwanja, juani, "ipate vitamini". Asili ya hosta ni Japani, Korea na China, nyingi zikiwa mimea ya penye kivuli na unyevu. Jua kali la mchana hazilipendi, na sehemu zenye weupe ndizo za kwanza kuungua. Kingo zote zilikuwa zimegeuka kahawia, ukizigusa zinavunjika. Mama aliniita nije nione, na hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa ameshinda kesi.

"Si nilikwambia anaumwa?"

Hosta yenyewe ilipewa jina hilo mwaka 1812 kwa heshima ya daktari, Nicholas Thomas Host wa Austria, kwa hiyo pengine madaktari hawa wawili walikuwa wanaelewana kwa njia zao. Mimi nilimeza mate nikarudisha chungu kivulini. Mkwe hajibiwi.

Siku iliyofuata akafanya upasuaji. Majani yote yenye ukingo yalikatwa, moja baada ya jingine, hadi shinani. Lilibaki chipukizi moja tu, la kijani kitupu, limesimama katikati ya chungu kwa kiburi. Wanaofuga hosta za rangi mbili wanalijua vizuri chipukizi hilo. Mara kwa mara mmea hurudi kwenye kijani chake cha zamani, na kwa kuwa kijani kina klorofili nyingi, hukua kwa nguvu na kuwasonga wenzake. Kwa hiyo mtunzaji huling'oa hilo, akaacha yenye ukingo. Mama alifuata kanuni hiyo hiyo barabara, ila kinyumenyume.

"Huyu ndiye aliyepona," akanionyesha.

"Ahsante, Mama," nikasema. Ningesema nini?

Kando ya Patriot nilikuwa na hosta ya aina nyingine, Gold Standard, katikati manjano, ukingoni kijani. Hiyo Mama aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akiipitia kila asubuhi, anaipapasa, anaisifu kwa sauti ili Patriot isikie. Kilichomvutia ni kwamba kwenye yale manjano kulikuwa na kijani kilichokolea kinachochuruzika kufuata mishipa ya jani, wino wino hivi, na sehemu nyingine jani limevimba vibonge vibonge. Kwa Mama, damu ilikuwa inarudi. Mimi nilipoinama nikaangalia kwa karibu, tumbo likanikata.

Kuna virusi vinavyoitwa Hosta Virus X, vilivyotambuliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1996, na dalili zake ndizo hizo hizo. Rangi mbili za kawaida zina mpangilio, ukingo ni ukingo na katikati ni katikati; virusi huchafua. Na Mama asichekwe peke yake. Mimea yenye virusi hivyo iliwahi kupewa majina na kuuzwa kama aina mpya za kupendeza: Breakout, Leopard Frog, Lunacy. Watu walitoa pesa zao wakanunua maradhi, wakayapangia sehemu nzuri bustanini. Dawa hakuna. Virusi husafiri ndani ya utomvu, kwa hiyo kisu kilichogusa mmea mgonjwa kikigusa mzima bila kusafishwa, umeshagawa.

Nikaagiza vijiti vya kupimia. Unakata kipande kidogo cha jani, unakisaga ndani ya kimfuko chenye maji yake maalumu, unachovya kijiti, unasubiri dakika chache. Mstari wa kwanza hutokea siku zote, kuonyesha kwamba kijiti ni kizima. Wa pili ukitokea, mmea umeambukizwa. Ukikiona kijiti chenyewe, chembamba, cheupe, kina mistari yake ya waridi, huwezi kudhani kina uhusiano wowote na kilimo.

Nilipima bafuni, maana ndiko kuliko na mwanga mzuri. Mistari miwili, yote imekolea. Nikakiacha kijiti pale ukingoni mwa sinki nikatoka kutafuta mfuko wa kumfungia marehemu mtarajiwa.

Nikiwa uwanjani nimeinama juu ya chungu, nikasikia kigelegele. Mama akatokea mlangoni kijiti mkononi, amekiinua juu, machozi yanamtoka. Akaninyang'anya koleo.

"Usiiname! Hali yako hiyo na wewe unachimba!"

Kabla sijaelewa hali yangu ni ipi, simu ikaita. Mume wangu.

"Kwa nini habari hii naisikia kwa shangazi?"

"Habari gani?"

"Yaani hata sasa unanificha! Huku kazini wameshanipigia makofi."

Mama alikuwa amepiga simu kabla ya kigelegele, ndiyo nikaelewa. Shangazi alishaambiwa, na ukimwambia shangazi umeokoa vocha ya kuwaambia wengine. Ujumbe ukaanza kumiminika. Kuna aliyependekeza jina.

"Mama," nikasema, "kaa kwanza. Hicho kijiti si changu."

Akashtuka. "Cha nani? Humu ndani kuna mwanamke mwingine?"

"Ni cha hosta."

Akanyamaza. Akakitazama kijiti, akatazama vyungu, akanitazama mimi.

"Hosta ina mimba?"

"Hosta ina virusi, Mama."

Hapo uso ukamng'aa upya. "Yule mpaukaji! Nilisema tangu siku ya kwanza!"

"Hapana, Mama. Yule hana kitu. Ni yule mzima."

Sijawahi kumwona Mama akikosa la kusema, na sidhani nitamwona tena. Aligeuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia zipu ya begi. Akarudi na kifurushi: taulo langu jipya, limelowa, na ndani yake pande zuri la Gold Standard, mizizi na majani, alilokuwa amelitayarisha kwenda nalo kwake.

"Nilikata kidogo tu," akasema. "La mbegu."

"Ulikata kwa kisu gani, Mama?"

"Kile cha jikoni."

"Na yule mwingine ulimkata kwa kipi?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hicho hicho. Nilianza na mzima, ndipo nikaenda kumsafisha mgonjwa."

Gold Standard niling'oa yote, pamoja na pande la kwenye taulo, na mizizi nikaisaka hadi ya mwisho. Taulo sikulidai. Kisu nilikisugua, nikakiloweka kwenye dawa ya klorini. Mama alisisitiza vyungu vilivyobaki vipimwe vyote, na apime yeye. Aliwapanga kwenye kivuli, akawa anasaga vipande vya majani kwa umakini mkubwa, na kila kijiti kilipotoa mstari mmoja alitangaza, "Huyu hana!" kwa sauti ambayo majirani walianza kuchungulia. Patriot, au tuseme kile kichipukizi chake kimoja cha kijani, nacho kilitoa mstari mmoja.

Mume wangu alibaki na kazi ya kuwapigia watu simu na kuzirudisha hongera. Wengi walicheka. Mmoja aliuliza kama jina alilopendekeza angeweza kupewa mmea. Shangazi peke yake ndiye aliyekataa katakata.

"Vipimo vya mapema hudanganya," alisema. "Kupata mstari mmoja sasa hivi si hoja. Subirini, mpime tena baadaye."

Mume wangu akamweleza kwamba anayezungumziwa ni ua. Shangazi akasema hilo halibadilishi kitu, msubiri mpime tena. Na halibadilishi kweli: mmea uliokatwa na kisu chenye virusi unaweza kukaa muda mrefu bila kuonyesha chochote. Kwa hiyo Patriot nimeitenga mbali na wenzake, ina kisu chake peke yake, na tarehe ya kurudia kipimo anayo shangazi.